Nyangumi Mwenye Njaa Haimbi

Hotuba hii niliitoa Tanga mjini mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na wanafunzi wa sekondari. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliokuwa baharini siku ile na wakaomba wasipitwe. Picha za ukutani nimeziacha, hazina kazi bila kidole changu.

Wazee wangu, shikamooni. Mabwana na mabibi, assalaam aleikum. Wanafunzi, hamjambo? Na nyinyi mama zangu mlioacha beseni hapo mlangoni mkaja kunisikiliza, Mwenyezi Mungu awalipe, kwa sababu najua saa hizi wateja wanazunguka.

Najua pia kuna mtu ameshamnong'oneza mwenzake: nyangumi wa nini? Nyangumi hapimwi kwa ndoo. Hakaangwi, hauzwi mnadani. Petroli ya mashine imepanda, dagaa wamepungua, halafu huyu mwalimu anatuletea habari za nyimbo za nyangumi! Nivumilieni kidogo. Jina la mazungumzo ni wimbo, lakini nilichokuja kuzungumza ni chakula. Nani amekula na nani hakula, na bahari inatuambiaje habari hiyo kabla hatujaiona kwenye nyavu.

Tuanze na mgeni mwenyewe. Kusi ikishashika, kuanzia Julai hivi mpaka Novemba, nyangumi nundu hupita katika pwani yetu. Wanaonekana Mtwara, wanaonekana Unguja, wanaonekana hapa kwenye Mkondo wa Pemba na kupanda hadi Watamu kule Kenya. Waliowahi kumwona akipuliza maji, nyanyueni mikono. Naam. Wa Sahare karibu wote, sikutegemea pungufu. Mkubwa wake hufika mita 15 na uzito wa tani 30, na pezi lake la ubavuni peke yake ni karibu theluthi ya urefu wa mwili. Huyu si mgeni wa waja leo waondoka leo. Anakaa.

Anakuja kufanya nini? Kuzaa, na kutafuta mwenza. Hakuja kula. Narudia kwa sababu kuna maneno yanazunguka huku ufukoni: hakuja kula. Wapo wanaosema nyangumi ndio wanaotumalizia dagaa. Wallahi tunamsingizia mgeni. Akiwa huku kwetu huwa kwenye mfungo. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo chini ya ngozi. Dagaa wetu, kama wanamalizwa, wanamalizwa na watu wenye majina na nyavu zenye macho madogo, na tunafahamiana.

Chakula chake kiko zaidi ya kilomita 6,000 kusini ya hapa, katika bahari baridi inayoizunguka Antaktika. Kule anakula krili. Mama zangu, krili ukimtazama ni kama uduvi mnaouza, ila huyu wa Antaktika ni mkubwa, anafika sentimita 6, na huogelea kwa makundi mazito mno. Nyangumi nundu hana meno. Ana safu za nyuzi ngumu zinazoning'inia kutoka taya la juu. Anafungua kinywa, anakusanya maji na krili kwa pamoja, anayasukuma maji nje, krili wanabaki. Anafanya hivyo kiangazi kizima cha kule, ambacho kwetu ni majira ya kaskazi, mpaka anene. Kisha anafunga safari.

Sasa pigeni hesabu. Safari ya kuja, miezi ya kukaa huku, jike kuzaa na kunyonyesha, madume kugombania majike, safari ya kurudi: vyote hivyo vinalipwa na kile kilicholiwa Januari na Februari. Jike anamnyonyesha mtoto kwa mafuta ya mwili wake huku mwenyewe hatii kitu kinywani. Mama zangu mnaijua shughuli ya kunyonyesha, sina haja ya kuwaeleza.

Na wimbo nao umo kwenye hesabu hiyohiyo.

Wimbo gani? Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roger Payne na Scott McVay, waliandika katika jarida la Science kwamba milio ya nyangumi nundu haitoki ovyo ovyo. Waliichora kwenye karatasi kutoka kwenye kanda zilizorekodiwa, wakaona ina mpangilio. Sauti zinaungana kuwa kifungu, vifungu vinarudiwa, kisha anahamia sehemu nyingine, na sehemu zinafuatana kwa utaratibu uleule mpaka wimbo unaisha, halafu anaanza upya. Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 10, 20, hata 30, na mwimbaji anaweza kuurudia kwa masaa. Wanaoimba ni madume. Na katika eneo moja wote huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda.

Hapa Tanga tunalielewa hili kuliko watu wengi. Taarab ya mji huu miaka ya 1960 na 1970 ilivukaje mpaka? Ilipigwa hapa, Mombasa wakaisikia, wakaichukua, wakaipiga kwa namna yao, na kule mbele wakaisikia wengine. Nyangumi wanafanya hivyohivyo. Watafiti wa Australia waliandika mwaka 2000 kwamba madume wa pwani ya mashariki waliuacha wimbo wao kabisa na kushika wa pwani ya magharibi, baada ya waimbaji wachache tu wa magharibi kutokea upande wao. Baadaye ikaonekana nyimbo zinatoka Australia zinakwenda kisiwa kwa kisiwa hadi Polinesia ya Ufaransa. Wanajifunzia wapi? Wataalamu wanaona huenda ni safarini, na huenda ni kule kusini kwenye malisho, ambako makundi ya pwani tofauti hukutana. Chakula tena. Kila ukiufuata wimbo unakufikisha kwenye chakula.

Mzee mmoja wa Kigombe, nahodha mstaafu, aliwahi kunisimulia. Walikuwa wametia nanga nje ya mwamba, usiku, kusi imelegea. Alilala ndani ya dau, sikio limegusa ubao wa chini. Akasikia mlio mzito unapanda, unakatika. Kimya. Kisha mwembamba, mara mbili. Kisha ule mzito tena. Akainuka, hasikii kitu. Akalala, anasikia. Akawaamsha vijana, kila mmoja akaweka sikio, na mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi. Hapakuwa na jini. Sauti majini hukimbia mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na mbao za chombo zinaipokea vizuri. Yule mzee hakuwa na chombo chochote cha kitaalamu zaidi ya dau lake, na akamsikia mwimbaji ambaye hakumwona kamwe.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Marekani, pwani ya California, ghuba inayoitwa Monterey. Kule watafiti waliweka kinasa sauti chini ya bahari, kina cha karibu mita 900, kimeungwa kwa waya mpaka nchi kavu. Kinasikiliza usiku na mchana, mvua na jua, hakidai posho. Mwanasayansi John Ryan na wenzake walichukua sauti za miaka 6, kuanzia Julai 2015, na matokeo yao yakachapishwa Februari 2025.

Kwa nini nawaambia mwaka walioanza? Kwa sababu walianza wakati mbaya, na ndiyo ilikuwa bahati yao. Tangu 2014 sehemu ile ya Pasifiki ilikuwa imepigwa na joto kali lililodumu mpaka 2016. Na joto baharini lina ubaya gani? Sikilizeni vizuri hapa, hasa wanafunzi. Pwani ile ina upepo unaovuma sambamba na nchi. Upepo unayasukuma maji ya juu kuelekea baharini, na nafasi yake inachukuliwa na maji baridi kutoka chini. Maji hayo ya chini yana rutuba. Yakifika kwenye mwanga, mimea midogo isiyoonekana kwa macho inachanua, krili wanaila mimea, samaki wadogo wanakula, na kila mkubwa anapata. Lakini maji ya juu yakishakuwa moto sana, yanakaa juu kama yalivyo, mepesi, na ile rutuba inabaki chini gizani. Mwaka 2015 ikaongezeka balaa jingine, mwani wenye sumu ukachanua katika pwani ile kwa kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana. Krili wakawa haba. Samaki wadogo wakawa haba.

Na waimbaji je? Katika pwani ile kuna aina tatu: nyangumi wa buluu, ambaye ni mkubwa kuliko mnyama yeyote, nyangumi pezi, anayemfuata kwa ukubwa, na huyu wetu, nundu. Nani aliimba?

Mwaka ule wa kwanza wa joto, wote watatu walisikika kidogo. Nundu alisikika katika asilimia 34 tu ya siku. Kisha bahari ikapoa, upepo ukafanya kazi yake, krili wakarudi kwa wingi. Na nyimbo zikapanda. Buluu akapanda, pezi akapanda, nundu akapanda. Baadaye tena, mambo yakageuka: krili wakapungua, lakini samaki wadogo wakajaa, wale ambao ni ndugu wa dagaa mcheli wetu. Nani aliimba sasa? Buluu alirudi nyuma. Pezi alirudi nyuma. Nundu aliendelea kupanda, mpaka mwaka wa sita akasikika katika asilimia 76 ya siku.

Mnaona siri yake? Nundu anakula krili, na krili wakikosekana anakula samaki. Buluu anakula krili, na krili wakikosekana anatafuta krili. Mwaka 2021 watafiti walikadiria katika jarida la Nature kwamba nyangumi wa buluu wa upande ule wa Pasifiki anakula wastani wa tani 16 za krili kwa siku. Tani 16! Mwenye mahitaji hayo na mlo wa aina moja, bahari ikimnyima, atazunguka masafa marefu kutafuta, na anayetafuta chakula mchana na usiku hana muda wala nguvu za kuimba. Watafiti hawakutegemea masikio peke yake. Walichukua vipande vidogo vya ngozi ya nyangumi na kuvipima, kwa sababu ngozi inahifadhi alama za kemikali za kilicholiwa. Ngozi ikakubaliana na wimbo.

Mtu makini hapa ataniuliza: mwalimu, labda hawakuimba zaidi, labda walikuja wengi zaidi tu? Swali zuri, na mimi napenda mvuvi anayeuliza hivyo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Penye chakula nyangumi hukaa, na akikaa huku ameshiba anaimba. Kwa yule anayetaka kujua hali ya bahari, jibu ni lilelile.

Kuna jambo jingine kutoka ghuba hiyohiyo ambalo mimi binafsi nalipenda zaidi. Mwaka 2020 William Oestreich na wenzake walionyesha kwamba nyangumi wa buluu, wakati wa msimu wa kula, huimba zaidi usiku. Kwa nini usiku? Nyinyi wavuvi wa karabai mngeweza kujibu. Krili mchana hujificha chini wakiwa wamesongamana, usiku hupanda juu na kutawanyika. Nyangumi anamvizia mchana akiwa amerundikana, ndipo kupiga mbizi kunapomlipa. Usiku krili wametapakaa, kazi imepungua, anaimba. Lakini siku anapoacha malisho na kuanza safari ya kusini, anageuza: anaimba zaidi mchana. Kwa hiyo mtu aliyekaa ofisini, kwa kusikiliza tu saa za kuimba, anajua nyangumi wamefunga mizigo. Hajawaona. Hajawafuata kwa boti. Amesikiliza.

Na New Zealand, katika ghuba ya Taranaki Kusini, Dawn Barlow na wenzake walipata jambo linalofanana na hesabu yetu ya Januari na Februari. Walitenganisha aina mbili za milio ya nyangumi wa buluu: ile wanayoitoa wakati wa kula, na wimbo wa madume wa wakati wa kutafuta mwenza. Joto lilipopanda baharini, milio ya kula ikapungua. Na msimu wa kuzaliana uliofuata, wimbo nao ukafifia. Njaa ya miezi iliyopita ikasikika baadaye.

Basi wakipita wale wa kwetu Agosti na Septemba, wimbo wanaouimba katika Mkondo wa Pemba unatoka kwenye tumbo lililojazwa Antaktika. Ukinyamaza huku, pengine kuna kitu kimeharibika kule.

Wazee wangu, nimesema sana habari za ng'ambo. Turudi kwenye pepo zetu, maana hii kusi yenyewe ina kisa chake.

Kusi inapovuka Ikweta na kugeuka kuelekea Bara Hindi, inavuma kwa nguvu kubwa kando ya Somalia na Omani. Babu zetu waliitumia kupeleka majahazi Arabuni, mnajua. Kinachofanyika chini ya majahazi ni kilekile cha California: maji ya juu yanasukumwa nje, maji baridi yenye rutuba yanapanda. Katikati ya mwaka, sehemu ile ya bahari ya joto inapoa na kujaa chakula. Na kule Omani kuna nyangumi nundu ambao hawasafiri kwenda Antaktika kabisa. Hawana haja. Chakula wanaletewa na kusi. Wamekaa huko, wametengwa na wenzao kwa muda mrefu mno. Vipimo vya vinasaba vinakadiria miaka 70,000 hivi. Wana wimbo wao, tofauti na wimbo wa hawa wanaopita kwetu.

Dunia ilijuaje kwamba wanakula palepale? Kwa njia ya aibu. Katika miaka ya 1960 meli za kuvua nyangumi za Urusi ya Kisovieti, zikirudi na kwenda Antaktika, zilisimama katika Bahari ya Arabuni na kuua nundu 242. Ilikuwa marufuku, kwa hiyo takwimu zikafichwa. Mwanasayansi mmoja aliyekuwa katika shughuli hiyo, Yuri Mikhalev, alikuja kuzichapisha mwaka 1997, miaka 30 baadaye. Matumbo yalikuwa yamepasuliwa na kuandikwa: krili, na samaki wadogo wa makundi. Wenye meli walijua. Sisi wengine tulisubiri miaka 30. Leo wale wa Omani wanakadiriwa kuwa chini ya 100.

Nasema haya kwa sababu mtu anaweza kudhani nundu, kwa kuwa anabadilisha chakula, hana shida. Anayo. Wale wa Omani wameegemea kusi, na kusi ikichelewa au bahari ikipata joto, hawana Antaktika ya kukimbilia.

Na sisi je? Dagaa wanaochemshwa Kipumbwi kwenye makarai ya maji ya chumvi, wakaanikwa kwenye chanja, wakafungwa viroba na kupelekwa hadi Kongo, wanaishi kwa utaratibu gani? Ni uleule. Upepo, maji ya chini kupanda, mimea midogo, vidudu vidogo, dagaa. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, na kusi inauchanganya. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi magharibi, wazee humu mnaikumbuka ile rangi nyeupe. Likarudi 2016. Likarudi 2024. Sisemi kwamba nyangumi atakuambia dagaa wako wapi kesho asubuhi. Atakayewaambia hivyo anataka fedha zenu. Nasema bahari ina sauti, na sauti hiyo ina habari za chakula, na sisi hapa hatujaweka sikio la kudumu.

Tuliwahi kuisikiliza mara moja kwa urefu wa pwani nzima. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania kwa chombo, wakivuta vinasa sauti nyuma, wakitafuta pomboo na nyangumi. Walisikia nini? Mabomu. Zaidi ya milipuko 300 ya baruti, na zaidi ya nusu yake karibu na Dar es Salaam. Wa Dar msicheke, na sisi wa Tanga tusicheke, maana hapa baruti ilikuwa na wenyewe. Wengine wana vidole pungufu mpaka leo. Mtu anakwenda kutafuta wimbo anakutana na baruti! Msako wa miaka iliyofuata uliipunguza sana, na hilo lazima tulisifu, kwa sababu tumeliona kwa macho kwenye miamba yetu.

Lakini kelele nyingine inakuja, na hii ni halali, ina leseni. Bandari yetu imechimbwa. Meli kubwa sasa zinafunga gatini badala ya kusimama mbali na kushusha mizigo kwenye matishari. Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani, na mafuta yataondoka kwa meli. Mimi sipingi bandari. Vijana wangu niliowafundisha wanafanya kazi pale. Ila mjue nyangumi haonji maendeleo yetu. Anachokipata ni mngurumo wa mapanga ya meli. Mwaka 2024 Coen Elemans na wenzake walichukua makoo ya nyangumi waliokufa ufukoni, wakayapuliza hewa maabara kuona sauti inatokaje. Wakagundua mto wa mafuta ndani ya koo ambao mikunjo hutikisikia juu yake. Na wakagundua kikomo: sauti hizo zina uzito uleule wa kelele za meli, na nyangumi hawezi kupandisha koo akazikwepa. Mtu sokoni akizidiwa na kelele anaifanya sauti yake nyembamba ipenye. Yeye hawezi.

Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York, safari za meli zilipungua ghafla katika ghuba ya Fundy, Kanada. Watafiti walikuwa pale tayari wakikusanya kinyesi cha nyangumi. Ndiyo, kinyesi, kijana usicheke, ndiyo kazi ya watu hiyo. Waliporudi kukipima, homoni za mfadhaiko zilikuwa zimeshuka siku zile za ukimya, na kelele za majini zilikuwa zimepungua kwa desibeli 6. Hakuna aliyepanga jaribio lile.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linahusu daftari. Kila kikundi cha usimamizi wa fukwe kina katibu. Akiletewa habari ya nyangumi, aandike: tarehe, saa, mahali kwa majina yetu ya miamba na visiwa, anaelekea kusini au kaskazini, peke yake au na mtoto. Aliyemsikia kupitia mbao za chombo naye aandikwe, hata kama hakumwona. Pembeni yake aandike dagaa wa wiki ile walikuwa ndoo ngapi na maji yalikuwa ya moto au ya baridi. Nyinyi mnajua kwa mguu tu. Vijana wa sekondari wafanye kazi ya kujumlisha. Siku kinasa sauti kikiwekwa katika Mkondo wa Pemba, na nimeshaanza kugonga milango, tutakuwa na kitu cha kukilinganisha nacho.

Na mkikuta nyangumi amenaswa na nyavu, msiruke majini kumkata. Pezi lile la mita nne litawaua. Kaeni mbali, mpigieni afisa uvuvi, subirini, na wavu utakaoharibika aandike katibu ni wa nani.

Nimemaliza upande wangu. Maswali yaanze na mama zangu, maana barafu kwenye beseni haisubiri.